Nguzo za Upimaji Vilimani: Ushauri kwa Anayetaka Kuzizuru

Juu ya maelfu ya vilima vya Uingereza imesimama nguzo fupi ya zege yenye pande nne, pana chini na nyembamba juu, ambayo kimo chake ni kama mita 1.2, na ambayo mpita njia asiyeijua huiona kuwa mahali pa kuegemea tu anapovuta pumzi baada ya kupanda. Nguzo hiyo ni alama ya upimaji, yaani kituo ambacho mahali pake kwenye uso wa dunia palipimwa kwa uangalifu mkubwa ili ramani za nchi nzima zijengwe juu ya kipimo hicho. Kuzitafuta na kuzizuru nguzo hizi kumekuwa burudani ya watu wengi, wakiwamo wachezaji wa jiokeshi, mchezo ulioanzia Oregon, Marekani, mwezi Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuondoa hitilafu ya makusudi iliyokuwa ikipunguza usahihi wa GPS kwa raia. Katika mchezo huo mtu mmoja huficha kijichombo chenye daftari, hutangaza koordineti zake, yaani namba zinazotaja mahali kilipo, kisha wengine hukitafuta na kutia majina yao. Nguzo ya upimaji inaingia katika mchezo huu bila taabu kwa kuwa nayo ina koordineti zake. Hata hivyo haikufichwa na mchezaji yeyote, bali ilijengwa kwa kazi ya umma, na thamani yake yote imo katika kutosogezwa. Kwa sababu hiyo anayeizuru anashauriwa ajifunze kuisoma kabla hajaanza kuhesabu amefikia ngapi.

Kazi iliyozizaa nguzo hizi huitwa upimaji wa pembetatu, na msingi wake ni kanuni inayofundishwa shuleni: urefu wa upande mmoja wa pembetatu ukijulikana, na pembe zake zikapimwa, pande mbili zilizobaki hupatikana kwa hesabu bila mtu kuburuta mnyororo wa kupimia mabondeni na mitoni. Kila upande unaopatikana huwa mwanzo wa pembetatu nyingine, na hivyo mtandao huenea kutoka kilima hadi kilima mpaka nchi yote iingie ndani yake. Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza linalohesabu umri wake tangu 1791, lilikuwa na mtandao wa namna hiyo uliokamilika katikati ya karne ya 19, lakini ramani zilizotokana nao hazikuungana vizuri kati ya kaunti na kaunti, na katika miaka ya 1930 ikaamuliwa kwamba nchi ipimwe upya. Aliyeisimamia kazi hiyo ni Martin Hotine, ofisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi, na ndiye aliyebuni nguzo ya zege ili theodolaiti, yaani darubini ya kupimia pembe, ikae juu ya kitako kisichotikisika. Vipimo vya kwanza vilichukuliwa kwenye nguzo ya Cold Ashby, karibu na kijiji cha jina hilo katika Northamptonshire, tarehe 18 Aprili 1936, na kazi ilipomalizika mwaka 1962, baada ya kukatizwa na Vita Kuu ya Pili, nguzo zilizojengwa zilikuwa zimefika takriban 6,500.

Anayesimama kando ya nguzo yafaa afikirie namna zege hilo lilivyofika hapo. Mahali gari lisipoweza kupita, saruji, kokoto na maji vilipandishwa kwa farasi na kwa migongo ya watu. Vipimo vingi vilichukuliwa usiku kwa kulenga taa zilizowashwa kwenye vilele vya mbali, kwa kuwa taa huonekana kwa masafa marefu, na walinzi wa taa hizo walikaa vilimani wakingoja ukungu uondoke ili mwenzao wa kilima cha pili aone mwanga. Watu hao hawakuandikwa majina kwenye nguzo, na kuitunza kazi yao ndiyo heshima pekee wanayoweza kupewa leo na mtu anayepanda kwa starehe.

Nguzo ya kawaida ina upana wa sentimita 61 hivi kitakoni na 36 hivi juu. Kwenye uso wake wa juu limelazwa bamba la shaba lenye mifereji mitatu inayotoka katikati na kuachana kwa nyuzi 120, ambamo miguu mitatu ya theodolaiti iliwekwa, hivyo kila chombo kilichopandishwa hapo kilikaa katikati barabara bila mpimaji kubahatisha. Kati ya mifereji hiyo kuna tundu lenye kifuniko, linaloshuka ndani ya nguzo, na chini kabisa, ndani ya msingi, imefukiwa alama nyingine, ili nguzo ikivunjika kituo chenyewe kisipotee. Ubavuni, karibu na ardhi, nguzo nyingi zina bamba la pili lenye herufi OS BM, mshale mpana unaoelekea juu kwenye mstari wa mlalo, na namba ambayo mara nyingi hutanguliwa na herufi S. Bamba hili lilihusu kimo, yaani urefu wa mahali kutoka usawa wa wastani wa bahari, uliopatikana kwa kupima maji kupwa na kujaa huko Newlyn, Cornwall, kati ya 1915 na 1921. Namba iliyochorwa hapo ndiyo kitambulisho cha nguzo, na mzuru anapaswa kuitafuta kwanza kabla ya jambo jingine lolote, hata ikibidi kupiga magoti na kufuta kuvumwani kwa kidole. Afute kwa kidole tu, kwa maana kisu na brashi ya waya hula shaba na kufifisha namba.

Si kila nguzo ina umbo hili. Baadhi zilijengwa kwa mawe ya mahali penyewe, na katika milima ya Scotland zipo za mviringo, nyembamba kuliko nyingine. Kosa linalowapata wengi ni kudhani kwamba nguzo husimama daima pale palipo juu kuliko pote. Wapimaji walichagua mahali penye kuona mbali, na mahali hapo si lazima pawe kilele. Nguzo ya Kinder Low, katika eneo la Peak District, iko kwenye kimo cha mita 633, ilhali sehemu ya juu kabisa ya Kinder Scout, iliyo jirani na hapo, ina mita 636. Katika nchi tambarare ya mashariki ya England iko nguzo ya Little Ouse, ambayo imesimama kama mita moja chini ya usawa wa bahari.

Anayeanza hana haja ya kukimbilia Ben Nevis, mlima wa mita 1,345, ingawa nako iko nguzo. Kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Leicester, Beacon Hill yenye mita 248 ni mwanzo mzuri. Aliye London anaweza kwenda Ivinghoe Beacon, mita 233. Na aliye Manchester au Sheffield ana Mam Tor, mita 517, ambako njia imetandikwa mawe hadi juu. Lakini safari inayofundisha kuliko zote, kwa mwenye miguu ya kutembea siku nzima, ni ile ya Liddington Castle na White Horse Hill, vilima viwili vilivyo kando ya njia ya kale iitwayo Ridgeway. Kati ya nguzo za vilima hivi ulipimwa mwaka 1937 mstari wa msingi, yaani ule upande wa kwanza ambao ni lazima upimwe ardhini kwa mkono kabla hesabu za pembetatu hazijaanza. Urefu wake ni kilomita 11 na kitu, na ulipimwa kwa tepu za invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao hautanuki wala kusinyaa sana joto linapobadilika. Anayetoka nguzo moja hadi nyingine kwa miguu huelewa kwa mwili wake jambo ambalo maelezo ya kitabuni hayamfikishii, kwamba mtandao mzima wa ramani ulianza na watu walionyoosha tepu ardhini, kipande baada ya kipande.

Maandalizi yaanze na ramani ya karatasi, ama ya skeli ya 1:25,000 ama ya 1:50,000, ambamo nguzo huonyeshwa kwa alama ya pembetatu ndogo yenye nukta katikati. Simu ni msaidizi mwema, lakini betri huisha upesi kwenye baridi, na kioo kidogo hakimwonyeshi mtu kwamba kati yake na nguzo kuna korongo. Ramani humwonyesha pia kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na mistari hiyo ikisongamana ajue kwamba mteremko ni mkali na atafute njia ya kuzunguka.

Jambo linalowachanganya wengi, na ambalo kwa hiyo linastahili maelezo marefu kidogo, ni mfumo wa koordineti. Dunia si tufe kamili, na kila nchi ilipojipima ilijichagulia umbo la hesabu lililoikaa vizuri zaidi; umbo hilo, pamoja na namna lilivyofungwa kwenye ardhi, huitwa datumu. Ramani za Uingereza hutumia datumu iitwayo OSGB36, ambayo ilizaliwa na nguzo hizi zenyewe, ilhali GPS hutumia WGS84, ambayo ni ya dunia nzima. Latitudo na longitudo zikitolewa katika datumu moja na kusomwa katika nyingine, mtu anaweza kukosea kwa mita 100 au zaidi, umbali unaotosha kumzungusha kichakani huku nguzo iko nyuma ya ukuta wa pili. Tiba ni nyepesi: kifaa kiwekwe kwenye gridi ya Uingereza kabla ya kuondoka nyumbani, na mahali pasomwe kwa herufi mbili na tarakimu. Tarakimu sita hutaja mraba wa mita 100 kila upande, nane hutaja mraba wa mita 10, na kumi hutaja mraba wa mita moja. Kwa kuwa kifaa cha mkononi chini ya anga wazi hukosea kwa mita kadhaa, tarakimu nane zinatosha, na anayeandika kumi adai usahihi huo pale tu alipoacha kifaa juu ya nguzo kwa dakika kadhaa kikichukua wastani. Ordnance Survey imetoa kwa umma orodha ya koordineti za nguzo zake, kwa hiyo kila mzuru anaweza kulinganisha alichosoma na kile walichokipata wapimaji, na zoezi hilo humfunza mipaka ya kifaa chake vizuri kuliko kijitabu kilichokuja nacho.

Baada ya kufika, kazi yenyewe ndiyo huanza. Picha tatu ndizo zinazohitajika: ya kwanza ionyeshe nguzo nzima pamoja na mandhari inayoitambulisha, kama ukuta, njia au mnara, ya pili ichukuliwe karibu na bamba la ubavuni kiasi kwamba kila tarakimu isomeke, ya tatu ichukuliwe kutoka juu, ili mifereji ya shaba na kifuniko cha tundu vionekane kama vipo au vimeng'olewa. Kisha iandikwe hali: nzima, imepasuka, imeinama, imeanguka, imepakwa rangi, au imebaki msingi tu. Kwenye mteremko wenye mmomonyoko iandikwe pia kama udongo umeondoka chini ya kitako. Maelezo hayo yana faida ya kweli, kwa sababu Ordnance Survey haitegemei tena nguzo hizi. Siku hizi vipimo vyake hutoka kwenye mtandao wa vituo vya satelaiti zaidi ya 100, na taarifa za watembeaji ndizo zinazoonyesha ni nguzo ipi bado imesimama. Mwaka 2016 mtembeaji mmoja alikamilisha kuzizuru nguzo zaidi ya 6,000 akamalizia Cold Ashby, ilipoanzia kazi yenyewe, na hiyo ni sifa kubwa ya uvumilivu. Lakini mtu aliyezuru nguzo chache na kuandika hali ya kila moja kwa ukamilifu ameacha kitu kinachowafaa wengine zaidi ya idadi tupu.

Kuhusu ardhi, mgeni asidanganywe na upana wa mashamba. Nchini Scotland sheria ya 2003 inampa mtu haki ya kupita karibu kila mahali maadamu anajiheshimu na kuheshimu wengine, ilhali katika England na Wales sheria ya mwaka 2000 inafungua maeneo yaliyotajwa tu, na nguzo nyingi zimo katika mashamba ya watu ambayo hayana njia ya umma. Hapo ni lazima kubisha hodi na kuomba ruhusa, na akikataliwa aridhike kuitazama kwa mbali. Lango lililokutwa limefungwa lifungwe, na mbwa, katika maeneo yaliyofunguliwa kwa sheria hiyo, afungwe kwa kamba isiyozidi mita 2 kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, msimu ambao ndege hutaga ardhini.

Wenyeji wa nchi za joto huidharau milima mifupi ya Uingereza, na dharau hiyo ni ya hatari. Mvua na upepo kwenye mita 600 tu vinaweza kumpoza mtu hadi akashindwa kufikiri, na mwezi Desemba kaskazini mwa Scotland mwanga wa mchana haufiki saa 7. Koti lisilopitisha maji, tochi na filimbi visikosekane. Anayepata ajali hupiga 999 au 112, huomba polisi, kisha huomba kikosi cha uokoaji cha milimani. Simu isiposhika, filimbi hupulizwa mara 6 ndani ya dakika moja, hunyamaza dakika moja, kisha hurudiwa. Radi ikinguruma mtu aondoke penye nguzo mara moja, kwa sababu iliwekwa makusudi mahali palipo juu na wazi.

Kwa wachezaji wa jiokeshi kuna onyo moja la ziada. Chombo kisigandishwe kwenye nguzo, kisiingizwe katika tundu lake, na pasichimbwe chini yake kamwe, kwa kuwa huko ndiko iliko alama iliyofukiwa. Kuficha chombo hatua kadhaa mbali, kwa idhini ya mwenye ardhi, hakupunguzi raha ya mchezo hata kidogo.

Msomaji aliyeko Afrika ya Mashariki huenda akauliza kama yote haya yanamhusu, na jibu ni kwamba yanamhusu kwa njia ya moja kwa moja. Kabla ya kuzijenga nguzo za Uingereza, Hotine alikuwa Tanganyika kati ya 1931 na 1933 akisimamia kipande cha hapo cha tao la meridiani ya 30, mlolongo wa pembetatu uliopendekezwa na David Gill, mwanafalaki wa Cape, ili uunganishe kusini mwa Afrika na Misri, na ambao pengo lake la mwisho lilizibwa nchini Sudan mwaka 1954. Kutokana na tao hilo ilipatikana datumu iitwayo Arc 1960, inayotumika katika ramani za zamani za 1:50,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Tofauti yake na WGS84 katika nchi hizi ni takriban mita 300, kwa hiyo anayechukua koordineti za bikoni, yaani alama ya upimaji ya huku, kutoka ramani ya namna hiyo na kuzitia katika simu bila kubadili datumu ataishia kwenye shamba la mtu mwingine kabisa. Hata kimo cha Kilimanjaro cha mita 5,895, ambacho wanafunzi hukikariri, kilitokana na upimaji wa 1952, na vipimo vya GPS vilivyofuata vimekishusha hadi karibu mita 5,892.

Lakini kuzizuru bikoni za huku si sawa na kuzizuru nguzo za Uingereza. Sheria za upimaji za Kenya na Tanzania huhesabu kuwa kosa kuharibu au kuhamisha alama ya upimaji, na mipaka ya viwanja na mashamba hufungwa kwenye alama hizo, hivyo kuichezea ni kuchezea haki za watu. Tena imeenea katika baadhi ya sehemu za Tanzania imani kwamba alama za zamani, hasa zile zinazodhaniwa kuwa za Wajerumani, zinaonyesha mahali palipofukiwa dhahabu, na alama kadha wa kadha zimechimbuliwa kwa tamaa hiyo bila kupatikana kitu chini yake isipokuwa zege na chuma. Mtu anayeonekana kilimani na kamera, kifaa cha GPS na daftari, akizunguka bikoni na kuinama, atadhaniwa ama mtafuta hazina ama mtu aliyetumwa kuwapokonya watu ardhi, na wanakijiji hawatakuwa na kosa kumshuku. Aanze basi kwenye ofisi ya serikali ya kijiji, au kwa chifu ikiwa ni Kenya, ajitambulishe, aeleze anachokitaka, na ikiwezekana amwombe mwenyeji mmoja afuatane naye. Wazee wa mahali mara nyingi wanajua bikoni ilipo na lini ilijengwa, na habari hizo zinastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule wa namba. Kilima kikiwa ndani ya hifadhi, kibali kitafutwe kwanza na kiingilio kilipwe. Kilima ambacho wenyeji hukitumia kwa matambiko kiachwe, hata kama bikoni yake haijawahi kupigwa picha.

Akiikuta bikoni imeng'olewa au imeanguka, aipige picha, aandike mahali na tarehe, na apeleke taarifa kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya au ya kaunti. Asiisimamishe tena kwa mikono yake, kwani bikoni iliyosimama mahali pasipo pake itampotosha mpima ardhi atakayekuja, ilhali iliyolala chini humjulisha waziwazi kwamba hana budi kupima upya.